Tathmini ya Majukumu na Feni ya Chumba cha Nyuma

Naujulisha umma, kwa mamlaka niliyopewa kama Katibu wa Kamati ya Kutathmini Upya Majukumu ya Idara ya Kompyuta, kwamba kazi yetu imekwisha salama. Hakuna aliyeonewa, hakuna kilichozimika, na hata msumari mmoja haukuhama mahali pake.

Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ndiye Mkurugenzi, ni mjomba wangu. Hilo lilitokea tu. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri.

Tulianza kwa kugundua tatizo kubwa: idara ilikuwa na watu saba wenye vyeo na mmoja anayefanya kazi. Huyo mmoja tulimwita Fundi. Aliunga nyaya, alifufua printa, aliwakumbusha wakubwa nywila zao, lakini kwenye chati ya idara hakuwa na kisanduku. Mtu asiye na kisanduku, kitaalamu, hayupo.

Hata hivyo tulimwita ajitetee. Mjomba akamsomea swali la fomu: "Ukiondoka hapa, nini kitakwama?"

Fundi akakuna shingo. "Mitambo itachemka, bosi. Kile chumba cha nyuma kiyoyozi kilikufa zamani. Kila asubuhi nafungua dirisha, naielekezea ile feni ya ofisi."

"Kwa hiyo kazi yako ni upepo."

"Nina watoto watatu shuleni, bosi. Niandikeni hata mlinda feni."

Tulilijadili kwa kina, chai ikiendelea kupoa. Upepo haumo kwenye orodha ya majukumu. Nikaandika mbele ya jina lake: ziada. Akatoka na barua mkononi siku hiyohiyo. Wale saba wakapanda vyeo: tukapata Mratibu wa Nywila, Msimamizi wa Nyaya Zinazoonekana, Msimamizi wa Nyaya Zisizoonekana, na wengine ambao kadi zao bado zinachapwa. Dirisha la chumba cha nyuma likapigwa komeo kwa sababu za kiusalama.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, kompyuta zote zikazimika. Foleni ya vyeti vya kuzaliwa ikatoka mpaka getini. Mama mmoja mwenye kichanga mgongoni aliambiwa avumilie, mtoto wake bado hajazaliwa. Msimamizi wa Nyaya Zinazoonekana alieleza kuwa tatizo halionekani, kwa hiyo si lake. Yule wa Zisizoonekana akasema hata yeye hajaliona.

Wizara ikamtuma Mkaguzi, mwanamke mfupi asiyecheka. Tulimpokea ofisini kwangu maana kwingine kote kulikuwa na joto la kuua. Nikamsomea taarifa, karatasi nimezigandamiza kwa stepla zisipeperuke. Chanzo cha hitilafu, nilisoma, ni Fundi, aliyeiba feni siku ya kuondoka. Polisi wameshapewa anwani yake.

"Una hakika?" Mkaguzi aliuliza.

"Kama ninavyolijua jina langu."

Mama wa usafi, ambaye wote tunamwita Shangazi, alikuwa anakusanya vikombe. Kwake yeye sote ni watoto, hata Mkurugenzi.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "si ulinituma mwenyewe niibebe? Ukasema joto linakuharibia mwandiko."

Akasogeza pazia nyuma ya kiti changu. Feni ikageuza shingo, ikampepea Mkaguzi, ikanirudia mimi.

Mkaguzi hakugomba. Aliomba namba ya simu ya Fundi na fomu mbili tupu. Akaanza na ya mjomba.

"Ukiondoka hapa, nini kitakwama?"

Mjomba akaangalia dari. Akaniangalia mimi. Shangazi akachomoa waya ukutani, akaikumbatia feni akielekea chumba cha nyuma, na kabla hajafika mlangoni aligeuka akaniuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kama ule mto wa kulalia ulio kwenye kabati la mafaili nao aurudishe.