Noti Zangu Zilale Zizini

Rujewa,
9 Agosti 1976

Ndugu Meneja wa Benki, Mbeya,

Salamu kutoka Usangu. Mimi si mtu wa kulalamika. Nilikuja huku kwa miguu na ndama wawili, leo nina zizi. Lakini benki yenu imenishinda.

1. Mwaka jana niliuza mitamba kumi na tano, mia nne kila mmoja, nikawaletea shilingi elfu sita. Mwezi uliopita nikapanda lori kuja kuziona. Kuziona tu, kama mtu anavyokwenda kuwatazama ng'ombe aliowaweka kwa mwenzake. Karani wenu, dada Benedicta, akaniambia hela yangu ipo, ila haipo hapa. Akanionyesha noti nyingine, mpya. Zangu nilizifunga kwa uzi wa magunia, nazijua. Sikuulizia watoto wa jirani.

2. Nilipombana, akasema huenda zangu ziko Mafinga kwa mpasua mbao mmoja, Tadeo. Tadeo simjui, hajaniletea hata kigoda. Anawalipa shilingi kumi kwa kila mia, mimi mnanipa nne. Sita zinaishia njiani. Kwetu ng'ombe sita wakiishia njiani, mchungaji huitwa kujieleza.

3. Hizo nne zenu, kwa mwaka mzima, ni mia mbili arobaini: mtamba mwenye kichwa na miguu ya mbele, nyuma hakuna kitu. Maziwa atayatolea wapi?

4. Nikauliza, wenye hela tukija wote siku moja? Dada akanywa maji, akamwita mlinzi.

Kwa hiyo naomba Tadeo azirudishe noti zangu kila jioni, zihesabiwe mlangoni, zilale ndani, asubuhi azitoe tena. Zizi lolote lenye adabu hufanya hivyo. La sivyo, Jumamosi nakuja kuzichukua zote nizifukie chini ya kitanda.

Wasalimie makarani, na mlinzi pia. Mwambie mkono wangu alioukunja umepona.

Ni mimi mwenye mali isiyoonekana,
Bujiku Nyanda

Nyongeza: Jumamosi siji tena. Mzee Ndalahwa, aliyeweka kwangu ng'ombe wake thelathini, ametuma habari kwamba Ijumaa anafika kuwaona. Wapo, ila hawapo hapa. Ishirini niliwapeleka kwa Seni kule Igawa, wanamlimia. Seni ananipa ndama watano, mzee nampa wawili. Hao wengine ni jasho langu la kusimamia. Tafadhali nitumieni dada Benedicta kabla ya Alhamisi, amweleweshe mzee kama alivyonielewesha mimi. Mzee akikataa kuelewa, nikopesheni bei ya ng'ombe ishirini. Hela ya mtu yeyote itanifaa.