Maiti Aliyemkimbiza Mama Yake Kanyenye

Jamani, leo nimepatikana. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya ukumbi mzima, na nimeaibika nikiwa maiti. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla video haijawafikia.

Mnajua kikundi chetu kina ule mchezo wa nyimbo kuhusu maisha ya Maganga wa Rangi, mchoraji aliyejaza kuta picha za wapagazi, toka hapa Tabora mpaka Ujiji, akifuata njia ya misafara. Humo ndani tumo makabila yote. Warundi wa Ulyankulu wanapiga ngoma, Waha wanacheza, Salha mwenye asili ya Uarabuni anaimba kama mke mdogo, na Pazi, Mzaramo, ndiye mnyapara wa msafara. Maganga ni mimi. (Kuchora sijui. Nikichora nyumba unaona ng'ombe amelala.)

Mwisho wa mchezo Maganga anakufa. Tulibishana wiki nzima tumzikeje, maana kila mtu ana msiba wa kwao. Dada Yusta, mwongozaji wetu, akakata shauri: jeneza wazi, pamba puani, na watazamaji wapande jukwaani kuaga mwili. "Tabora hii hakuna anayekataa kuaga," alisema. Jeneza tukaazima kwa fundi seremala mmoja wa mtaa wa Cheyo. ("Msilikwaruze," alituambia, "lina mwenyewe." Sikuuliza zaidi.)

Sasa mama yangu. Anaishi Itetemia, analima mpunga na karanga, na hajawahi kuja kuniona nikiigiza. Alituzaa pacha, mimi na Kulwa. Sura moja, mpaka mwalimu alikuwa anatuchapa wote wawili asije akakosea. Kulwa alifariki mwaka juzi, ajali ya pikipiki, barabara ya Ulyankulu. Toka siku ile mama hakanyagi msibani kwa mtu. Majirani wanamsema, yeye hajali. Na mimi haniangalii usoni. Anaongea na mimi huku macho yake yako kwenye mchele. Najua anamwona nani, na inaniuma, sitaki kudanganya. Nilitaka anitazame hata mara moja, hata kama ni kwa kiingilio.

Juzi nikaenda kumbembeleza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho kwenye ungo.

"Jumamosi njoo unione tunavyoimba."

Akapepeta kidogo. "Humo kuna msiba?"

"Hamna, mama. Ni nyimbo na rangi tu."

(Ulimi hauna mfupa. Wangu ungekuwa nao, ungevunjika palepale.)

Leo saa tisa akaja kweli. Kavaa kitenge kipya, kajitanda khanga, kakaa safu ya pili. Ngoma za Warundi zilipoanza nikamwona anatikisa kichwa. Wimbo wa tatu akatabasamu! Nikajisemea, leo nimeshinda. Furaha ile ikanisahaulisha kabisa kwamba nitakufa.

Nikafa. Taa zikazimwa, wakanivalisha kanzu nyeupe, wakanipaka unga wa muhogo usoni, wakanijaza pamba puani, wakanilaza. Watu wakapanga foleni kuniaga. Mama mmoja akanong'ona, "Masikini, bado kijana." Wazaramo ni watani zetu, na mtani msibani hana adabu, basi Pazi akaligonga jeneza: "We Mnyamwezi, amka ubebe mzigo, pwani bado mbali!" Kicheko kikanipanda. Nikang'ata ulimi, tumbo linatetemeka, nakazana kuwa maiti.

Halafu nikasikia harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya mgando. Kicheko kikakauka. Mkono ukanigusa shingoni, ukanifunga kifungo cha juu, polepole. Hivyohivyo alivyomfunga Kulwa siku ile kabla mfuniko haujawekwa.

"Kulwa," akasema. "Kulwa mwanangu."

Mwenye akili angefanya nini? Mimi nilifumbua macho nikasema, "Mama, ni mimi. Doto."

Nilichosahau ni kipaza sauti. Maganga huimba wimbo wa mwisho akiwa ndani ya jeneza, kwa hiyo wamenibandika kipaza sauti kidogo hapohapo kwenye kifungo. Ukumbi mzima ulisikia. Na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wanadhani ni sehemu ya mchezo! Makofi! Vigelegele! Mama akageuka akawatazama watu wanavyocheka. Akanirudia mimi.

Kofi lile lilitoka kwenye spika zote nne. Unga ukaruka mpaka kwenye taa.

"Uliniambia hamna msiba," akasema, na hilo nalo likasikika mpaka mlangoni. Hapo hakucheka mtu.

Akashuka ngazi, akatoka. Nikajaribu kutoka jenezani, mguu ukanasa, nikaanguka nalo. (Fundi wa Cheyo, tutaongea.) Nikamfuata nilivyo.

Hebu fikirieni. Mtaa wa Kanyenye, jua linawaka, mama mtu mzima anakwenda mbio mbio, na nyuma yake maiti ya kanzu nyeupe, pamba puani, inalia, "Mama! Mama nisubiri!" Vijana wa bodaboda walikimbia wakaacha pikipiki zinanguruma. Muuza mihogo akapiga yowe, "Yesu na Maria!" akaingia chini ya meza yake. Na kipaza sauti bado ninacho, kwa hiyo naambiwa ukumbini walinisikia nikihema na kulia mpaka nilipokata kona.

Mama akasimama mbele ya duka la vitambaa. Nikapiga magoti palepale barabarani.

"Nisamehe mama. Nilitaka unione tu."

Akanitoa pamba, moja, na ya pili, akazitupa mtaroni. Akalowesha ncha ya khanga kwa mate (mbele za watu, na umri huu wangu!) akaanza kunifuta unga. Paji la uso, mashavu, kidevu. Hakuwa na haraka. Alipomaliza akanishika kidevu, akaniangalia. Machoni kabisa.

"Doto," akasema. "Umekonda."

Akalia. Na mimi nikalia. Na yule muuza mihogo chini ya meza naye akalia, sijui yeye alikuwa na lipi lake.

Saa hizi niko Itetemia, nalishwa ugali kwa nguvu. Dada Yusta kapiga simu, eti watu wanaomba mama awepo kila onyesho. (Dada Yusta, nakuheshimu sana, ila koma.)

Na wewe uliyerekodi, najua video unayo. Cheka, sambaza, mimi nimeshakuwa maiti, sina tena aibu. Nakuomba kitu kimoja tu: pale mama anapomwita Kulwa, pakate.