Gia Moja Mpaka kwa Mzee Chenge

Jumamosi, 7 Juni

Siku kubwa! Leo nimeng'oa gia zote ila moja kwenye baiskeli yangu. Yaani aliyeng'oa ni Abdillah, fundi wa hapa Mkolani; mimi nilimshikia spana.

Ni baiskeli ya milimani, ya mtumba. Ilikuja na gia kumi na nane, na zilizofanya kazi zilikuwa mbili, tena kwa zamu. Sasa imebaki moja. Ukikanyaga inakwenda. Haikwaruzi, hailalamiki, cheni haidondoki. Abdillah aliuliza mlimani nitafanyaje. Nikamwambia mlima ni mawazo tu. Akasema haya, akaomba spana yake.

Sababu yenyewe naiandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Justa. Anashona sare za shule barazani kwao, Buhongwa, juu kabisa ya kile kilima cha mawe. Nina miaka thelathini na tisa na sijawahi kumtaka mtu namna hii. Tatizo ni Revocatus wa duka la simu, naye anamtaka. Ana baiskeli mpya ya gia ishirini na moja, mshenzi yule. Jumapili ijayo shangazi yangu Mhoja anakwenda kuniposea, na watu wa Revocatus wanakwenda siku hiyohiyo. Mwenye kauli ni Mzee Chenge, baba yake Justa, bwana mifugo mstaafu. Kwa hiyo nina wiki moja ya kuonekana mwanaume.

Jumapili, 8 Juni

Nimepanda! Kilima chote, bila kushuka!

Siri ya gia moja nimeshaijua: mlima unauvamia. Unaanza mbio tangu bondeni, unanyanyuka juu ya pedeli, na hupunguzi mwendo kwa lolote. Ukipunguza tu, kwisha habari yako. Mapafu yaliwaka moto. Lakini raha yake! Hakuna kuchagua, hakuna kubonyezabonyeza. Mimi, mlima, na cheni iliyonyamaza. Nilijisikia mtoto. Justa alinipa maji, kisha mengine, kisha akanipepea kwa sketi ya darasa la tatu.

Doa moja tu. Katikati ya kilima, pale panapokaza zaidi, Mzee Chenge anajenga ukuta wa mawe wa zizi lake. Nilimpita. Nilipiga kelele shikamoo mzee, ila marahaba yake nadhani haikunifikia. Si neno. Kasi ameiona.

Jumatatu, 9 Juni

Kumbe ni neno.

Justa kapiga simu. Baba yake ameuliza huyo wa jana alikuwa anafukuzwa na nani. Ameuliza pia kama kwetu tumekwisha wote, maana mtu mwenye kwao husimama akaulizwa habari za kwao. Halafu akamsifia Revocatus! Revocatus huweka gia nyepesi kuliko zote, anapanda polepole kama kinyonga, anamsalimu kila mtu, anaulizwa ukoo, anaulizia ng'ombe, na bado anakwenda. Jana jioni alimaliza salamu nzima ya Kisukuma, tangu mwadila mpaka hali ya malisho, bila mguu kugusa chini. Mzee kasema kijana huyo amelelewa.

Yaani siku hizi heshima inauzwa pamoja na gia! Nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 11 Juni

Mpango mpya. Salamu ianzie bondeni. Nilipofika tu chini ya kilima nikaanza kuzitoa zote kwa sauti: shikamoo mzee, habari za nyumbani, ng'ombe hawajambo, sisi wazima, shangazi anawasalimu. Nikimfikia tuwe tumemaliza. Akili!

Nilisahau kwamba Mzee Chenge hujibu kwa nafasi yake. Nilipompita ndiyo kwanza anasema marahaba. Habari za ng'ombe aliujibu mgongo wangu. Mama mmoja aliyebeba ndoo alinikimbilia mpaka juu kuuliza msiba ni wa nani.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo niliwahi asubuhi ili nipite kabla mzee hajatoka. Upuuzi. Bwana mifugo huamka kabla ya mifugo. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono ameshaunyoosha. Ningefanyaje? Nilifunga breki. Nikabaki juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Akaanza salamu ya asubuhi ya Kisukuma: mwangaluka. Nikampa mkono wa kulia, na kwa heshima nikaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, kama tulivyofundishwa na wazazi.

Mkono wa kushoto ndio uliokuwa umeshika breki.

Tulianza kurudi nyuma, mimi na baiskeli. Mzee hakuniachia mara moja. Alinisindikiza hatua kadhaa huku akiniuliza ukoo wa mama. Nilimjibu nikiwa mbali. Niliishia kwenye michembe ya Mama Justa, viazi vya kukausha vya msimu mzima, ndiyo kwanza amevitandaza juu ya mwamba. Mama Justa aliinama. Alianza kuokota. Nikaokota naye. Ni heri angenitukana.

Abdillah ananishauri nirudishe gia. Nimemwambia asinivunjie heshima.

Jumapili, 15 Juni

Siku yenyewe. Shangazi Mhoja hapandi bodaboda tangu ilipomwangusha, kwa hiyo nilimpakia kwenye keria, na kitenge chake kipya. Nilikusudia kuuvamia mlima pamoja naye. Nikauvamia. Mlima haukutambua kama umevamiwa. Shangazi alishuka mwenyewe, akaniambia nisukume, na nifunge mdomo.

Tukapanda kwa miguu. Shangazi hakuacha mlango hata mmoja. Alisalimu wazee, wagonjwa, mpaka aliyekuwa anaoga alisalimiwa kupitia ukuta. Tulipomfikia Mzee Chenge jasho lilikuwa limeshanikauka. Aliweka jiwe chini, akafuta mikono. Tukasalimiana yote, mpaka ukoo wa bibi. Akaniangalia kwa makini, akasema kumbe nina watu.

Watu wa Revocatus walikuwa wameshaondoka. Mzee akamwita Justa, akamuuliza mbele yetu wote anamtaka yupi. Justa akataja jina langu. Mzee akasema hana neno, ila kwa sharti: kilima chake nikipande kwa miguu, nisalimie kama binadamu. Nikaapa palepale. Shangazi akapiga vigelegele, hata Mama Justa akacheka.

Wakati ananisindikiza nilimuuliza Justa kwa nini si Revocatus, mwenye adabu zake na gia zake. Akasema Revocatus hufika pale mkavu, hata jasho hana, kama mtu aliyepita tu kuulizia njia. Mimi hufika nimekaribia kufa. Akasema tangu Jumapili ile hakuwa na haja ya kumuuliza mtu nani anamtaka.

Nililia kidogo. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumatatu, 16 Juni

Sikulala, nilifikiri. Alichokipenda Justa ni kule kukaribia kufa. Sasa mtu akipanda kwa miguu atakaribiaje kufa? Atafika mzima, mkavu, Revocatus mtupu! Nitampoteza kabla ya harusi.

Asubuhi nilikuwa kwa Abdillah kabla hajafungua. Nimemwambia anifungie gia nzito kuliko hii, nzito kuliko zote alizo nazo. Alinitazama sana, kisha akaifunga. Kiapo nakikumbuka, lakini kiliapwa na mtu wa gia ile ya kwanza.

Mzee Chenge naye sikumsahau. Nimenunua kengele, kubwa, ya shaba. Mlio mmoja, shikamoo. Miwili, habari za nyumbani. Mitatu, ng'ombe. Kesho nikimpita nampigia yote sita kwa mpigo, na marahaba yangu ataileta juu mwenyewe akija kula.