Karakana ya Milango Tisa

Jumatano, 4 Juni
Nimeokota mali! Nyumba ya kulala wageni hapo mtaani inabomolewa, na mwenyewe kanipa milango tisa bure, namba za vyumba zikiwa bado juu yake. Kuta za karakana yangu ya useremala, nitakayoijenga uani, hizo hapo. Mke wangu kasema nisipomaliza kufikia Jumapili, anaweka kuku wake uani. Nimemwambia aandae maneno ya kunipongeza.

Alhamisi, 5 Juni
Milango imesimama pande zote nne, kila mmoja na fremu yake. Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja kuchungulia. Yeye ni seremala wa kweli, na hachoki kulitaja hilo. Kashauri ning'oe bawaba kwanza. Wivu tu. Mama mkwe, tunayeishi naye, ananinyooshea misumari ya zamani kwa jiwe na hasemi kitu. Nampenda sana mama huyu.

Ijumaa, 6 Juni
Upepo! Saa saba mchana kuta zote zimefunguka kwa pamoja, mabati ya paa yakatua kwenye nyanya za mke wangu. Shemeji alikuwa akipita, kwa bahati gani sijui. Hakucheka. Hilo ndilo limeniuma.

Jumamosi, 7 Juni
Nimerudisha mabati, kisha nikaipigilia milango yote tisa kwa nje, misumari minne minne, bila kupumzika. Nikarudi nyuma kidogo niifaidi kazi yangu. Ndipo nikasikia mtu anabisha hodi kutoka ndani, taratibu, kwa adabu.

Mama mkwe. Alikuwa ameketi humo kivulini na misumari yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba hakutaka kumkatiza mkwewe kazini. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji kaitwa, kaja na mtaimbo, na kwa dakika kumi mama alikuwa nje. Hata radhi, yeye ndiye aliyeniomba!

Jumapili, 8 Juni
Kuku kumi na wanane wamehamia. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri, na baada ya jana sina mdomo wa kumpinga. Jogoo kachagua chumba namba 7.

Mke wangu kaniuliza kwa upole kama nimejifunza kitu. Nimejifunza, nikamwambia. Kosa lilikuwa kujenga uani, penye upepo. Mbele ya nyumba hakuna upepo, na kesho kwenye ile nyumba ya wageni wanang'oa madirisha, vioo vyote vizima. Nitapata paa la vioo. Misumari ninayo ya kutosha.