Mfalme John na Birika la Aldermarsh

Jumatatu, 10 Juni
"John ndiye mfalme mbaya kuliko wote waliowahi kuitawala Uingereza." Ameandika Maud Thirkettle, mwalimu mstaafu, katika jarida la kanisa. Uzushi mtupu! Nusu ya ubaya wake tumesimuliwa na watawa waliogombana naye. Na nani alizunguka nchi akisikiliza kesi za watu kwa masikio yake mwenyewe? John! Jumamosi ni tamasha la kijiji. Mwenyekiti ni mimi. Nitavaa taji, niamue kesi kama yeye. Nikizomewa, nang'atuka. Kamati imekubali. Upesi mno.

Jumatano, 12 Juni
Nimeanza mapema. Basil Wragg na jirani yake wanagombania ua wa michongoma. Nimeamuru ukatwe, na kila mmoja amletee mfalme keki. Basil kaniuliza tangu lini nimekuwa mfalme wa michongoma yake. Ajabu! Haki nimewapa wote wawili, wote wawili wamenuna. Je, John naye alishangaa hivi?

Alhamisi, 13 Juni
Fununu: kamati inataka kususa tamasha. John alichukua watoto wa mabwana wakubwa wawe dhamana. Mimi si katili. Nimechukua birika kubwa la chai la ukumbini. Nimelifungia bafuni kwangu.

Jumamosi, 15 Juni
Wamekuja wote! Wamenizingira uwanjani, taji kichwani. "Mwenyekiti wetu mpenzi," kasema Maud, "kijiji kizima kina kiu, wewe unaoga na birika letu?" Vicheko. Masharti yao, yameandikwa kwenye hati: birika lirudi, na nisiamue lolote bila kamati. La sivyo, uenyekiti basi. Wakanipa kalamu. Nikaikataa! John, mabwana wake walipomzingira na hati ya kumpunguzia mamlaka, hakutia sahihi, aligonga muhuri. Nikagonga dole gumba lenye jemu. Wakashangilia! Hakuna aliyezomea. Basil akaninong'oneza kwamba John nimempatia barabara. Hatimaye, mtu anayemwelewa!

Jumapili, 16 Juni
Nimetafakari. Muhuri wa kulazimishwa si muhuri. Hati ya John ilibatilishwa na Papa kabla kiangazi hakijaisha. Nimemwomba kasisi wetu aibatilishe yangu. Kacheka mpaka kakaa chini. Haya basi, ninyi wanakamati wa Aldermarsh: ichaneni hati ile, na zile keki mbili ziwe mlangoni kwangu kabla ya chai ya saa kumi. Birika mmelipata. Kifuniko ninacho.