Upepo, Masikio na Viroba Viwili

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimesema! Miaka miwili nazunguka meza ya cherehani ya Rhoda pale soko la Handeni kama mtu aliyedondosha sindano. Leo nimesema. Nataka kukuoa. Basi.

Naye akajibu!

Tatizo ni kwamba sikusikia.

Si kosa langu. Ndio kwanza nilikuwa nashuka kwenye pikipiki. Toka Old Korogwe hadi Handeni ni kilometa sitini na ushei, na kiangazi hiki upepo wa njiani hauna adabu. Helmeti yangu haina kioo tangu mwaka juzi. Tena ni kubwa, inacheza kichwani. Nikishuka, masikio yanapiga mluzi. Siiii! Siku nzima. Na Rhoda ana sauti ndogo, hata cherehani yake inamshinda.

Nimeambulia kipande tu. "Jumamosi uje nyumbani kwa mjomba na mchanga." Kabla ya hapo, mluzi. Baada ya hapo, mluzi. Nikatikisa kichwa, nikasema sawa sawa, nikaondoka mbio kabla hajaongeza neno.

Mchanga?

Deogratius kaona yote. Anauza vitenge meza ya jirani na ana helmeti mpya yenye kioo, anaifuta kila saa kama sahani ya harusi. Katabasamu. Simpendi. Bibi yangu alikuwa akisema sikio likilia ujue unasengenywa. Yangu yanalia yote mawili mpaka sasa naandika. Nani wa Handeni ana nafasi ya kunisengenya kiasi hiki? Ni yeye tu.

Jumatano, 13 Agosti

Sikusafiri. Kufika mchana mluzi umekwisha. Bila shaka Deogratius kachoka kunisengenya, mdomo umemkauka. Na nikikumbuka vizuri, Jumapili nisiposafiri masikio hunyamaza kabisa. Jumapili Deogratius yuko kanisani. Ushahidi umekamilika.

Sasa mchanga. Kurudi kumwuliza Rhoda ni aibu. Mwanamume anachumbia, anajibiwa, halafu anauliza eti umesemaje? Mama husema kuuliza si ujinga. Mama hajawahi kuchumbia.

Jibu limenijia nikinywa chai. Mjomba wake Rhoda, mzee Lukasi, ndiye aliyemlea, na ana chumba kimoja hakijapigwa plasta mpaka leo. Mchanga wao kule una udongo mwingi. Sisi huku mto Pangani uko mlangoni, mchanga msafi mpaka unatamani kuutia chumvi. Ni mtihani! Anataka kujua kama mimi ni mtu wa kujenga au mtu wa maneno. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kasema mchanga. Mwanamke ana akili huyu.

Nimeongea na Zaidi anayechimba mchanga mtoni. Viroba viwili. Akauliza kwa nini nisiupakie kwenye lori. Nikamwambia mapenzi hayapakiwi kwenye lori.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda Handeni kwenye biashara yangu ya kuuza miwani ya kusomea kama kawaida, lakini safari hii nimejikinga. Pamba ya mto wa kulalia, donge kila sikio. Masengenyo yapite wapi? Nikakimbia mpaka mshale ukagusa tisini.

Nimefika, mluzi upo, ila umepungua kidogo. Pamba inafanya kazi! Nikaitoa. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikakataa. Nikachokoa kwa mguu wa miwani. Ikazidi kwenda ndani.

Rhoda hakuwepo. Deogratius akaniambia kwenye sikio la kulia kwamba kaenda kununua mchele wa Jumamosi. Nikaelewa, mafundi wa plasta lazima wale. Kisha akaniuliza kama nimeshampata. Nikamsahihisha: nimeshaupata. Mtu mzima, ngeli zinamshinda! Akauliza kwa mshangao umetoka wapi. Nikasema mtoni kwetu, na viko viwili. Akanikodolea macho, kitenge mkononi. Wivu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 15 Agosti

Usiku nimelala na pamba sikioni. Asubuhi zahanati. Nesi Agripina ni mtu wa rika la mama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananivuta sikio kama mtoro wa shule. Kaitoa kwa kibano. Ilikuwa na rangi nisiyotaka kuiandika.

Nikamwomba na dawa ya masengenyo. Nikamweleza yote, mluzi, Deogratius, na Jumapili. Akacheka mpaka akaweka kibano chini. Alipopata pumzi akasema anayenisengenya ni upepo.

Eti ukipita themanini, upepo unaovuma ndani ya helmeti una kelele kushinda mashine ya kusaga, na mimi naikumbatia mashine hiyo karibu saa nzima kwenda na nyingine kurudi. Mluzi ni sikio linalolia kwa kuumizwa. Kwa sasa linanyamaza kesho yake. Iko siku halitanyamaza, na sauti ndogo ndizo zitakazotangulia kupotea. Akasema sikio halina spea, hata Dar es Salaam.

Sauti ndogo! Hapo nikaogopa kweli. Mimi sina haja na sauti kubwa yoyote duniani.

Akaniagiza: nipunguze mwendo, nitafute helmeti inayonibana yenye kioo, na pamba niiachie mito. Kisha akanipa vizibo viwili vya sponji, rangi ya chungwa, kama vya mumewe anayefanya kazi kwenye mashine za mkonge. Unakifinyanga kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakisukuma ndani, unakishikilia mpaka kifure. Akarudia mara tatu: ukishuka tu, vitoe. Nikasema sawa sawa.

Hata hivyo Deogratius simfuti kwenye orodha. Anaweza kuwa anashirikiana na upepo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mungu mkubwa. Acha niandike kwa mpangilio.

Viroba viwili nyuma, nimefunga kwa mipira. Vizibo nimeviacha mfukoni, kitu kipya hakichanganywi na mchanga. Pikipiki ikakataa kupita thelathini. Wenye baiskeli wamenipita! Mmoja alinipa pole. Saa mbili na nusu barabarani, na upepo hata haukujua kama nimepita.

Nimezima injini uani kwa mzee Lukasi. Kimya. Hakuna mluzi! Nikamsikia kuku anachakura. Nikazisikia ndala za Rhoda jikoni. Nilitaka kulia.

Lakini uani kulikuwa na wazee watano wenye makoti, mkeka mpya, na harufu ya pilau. Wengi mno kwa plasta ya chumba kimoja. Mzee Lukasi akapokea shikamoo yangu, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Yuko wapi mshenga?"

Nikaonyesha viroba. Nikasema, "Huu hapa, mzee."

Mshenga! Sio mchanga. Mshenga!

Mzee Lukasi akafungua kiroba, akachota, akauchuja vidoleni. Akawaambia wenzake ameshaona washenga wazee na washenga wachanga, lakini mshenga mchanga wa mto ndiyo kwanza leo. Wazee wakaanguka kicheko. Mimi nikatafuta pa kujificha. Mwanamume aliyekuja kuposa bila mshenga ni wa kurudishwa, hilo kila mtu analijua. Miaka miwili inakwenda na maji, nikawaza, tena na mchanga wake.

Ndipo pikipiki ikaingia. Deogratius, kavaa suti, na mkewe Yasinta nyuma. (Kumbe ana mke. Na watoto wanne.) Akavua helmeti, akaomba radhi kwa wazee, akasema mshenga ni yeye, amechelewa njiani. Mimi akaninong'oneza nikae nje, mwoaji hakai kwenye maneno yake. Jumanne alimsikia Rhoda vizuri, na Alhamisi alinisikia mimi, ndipo akapiga suti pasi.

Wazee wakaingia naye ndani, nikakaa chini ya dirisha. Nikasikia kila kitu. Rhoda akaitwa, akaulizwa kama anamfahamu aliyemtuma mgeni huyu, na kama anamkubali. Nikabandika sikio ukutani. Kisha ile sauti ndogo, kupitia ukutani: "Nimemkubali."

Nimeisikia mwenyewe! Kwa masikio yangu yote mawili! Nimepumua pumzi ya miaka miwili. Nimewakumbatia wote, hadi Deogratius, kwa muda mfupi.

Baadaye mzee Lukasi akaeleza hatua inayofuata, mambo ya wazazi wangu na siku ambayo Rhoda atanitajia. Sikufuatilia sana, pilau ilikuwa imefika. Mchanga wameupokea. Wamesema ni mzuri.

Jumanne, 19 Agosti

Vizibo ni muujiza! Nimevivaa kama nilivyofundishwa, na barabara nzima imekuwa kama dunia imefunikwa shuka. Kwa kuwa upepo hausikiki, hakuna tena sababu ya kupunguza mwendo. Tisini na tano! Helmeti ya kioo ya nini?

Nimefika sokoni masikio yametulia kabisa. Yametulia mno. Rhoda akaja, kanitazama usoni, akasema maneno marefu, ya maana kabisa kwa jinsi alivyohesabu vidole. Sikusikia hata moja.

Vizibo!

Kuvitoa mbele yake ningeonekana mjinga. Nikavaa haraka miwani ya kusomea, ile kali, nisome midomo. Nikaona "Jumamosi." Nikaona "uje na." Neno la mwisho, mwanzo wake ulikuwa na ukungu, ila mwisho wake ulikuwa wazi: "-azi."

Nikatikisa kichwa. Nikasema sawa sawa. Akaondoka anacheka kwa furaha. Deogratius naye alikuwa anatabasamu na kufuta helmeti. Nilimjua tu huyu.

Sitauliza. Safari hii nimeelewa peke yangu. Kesho alfajiri napanda Lushoto, kule viko vizuri na bado vina udongo wake. Viroba viwili vya viazi vitatosha.