Wageni wa Maji Chumvi

Bahari ya Hindi ilihamia Kyela kwa basi, kwa awamu mbili, na aliyeihamisha ni Zebedayo peke yake. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe. Anasema alilipakata deli la samaki kutoka Dar es Salaam mpaka stendi ya Kyela bila kusinzia wala kushuka kujisaidia. Abiria aliyekaa naye anasema jamaa alishuka mara nne, na kila aliposhuka alimwachia yeye deli na onyo kwamba akilitikisa atajibu mashtaka.

Zebedayo ana duka la vifaa vya ujenzi pale Mbugani, na maneno yake ni marefu kuliko mabomba anayouza. Kijijini Busale ana nyumba iliyokwama kwenye linta, mwaka wa sita huu. Ngonga, kwa mama yake, alichimba bwawa la perege ambalo sasa wanaogelea bata wa jirani. Ukimuuliza, atakwambia vyote vimefika asilimia tisini.

Kilichomtia wazimu wa bahari ni mapenzi. Georgina, afisa afya wa mpakani, aliletwa na kazi kutoka Tanga. Shughuli yake kutwa ni kuwapima wasafiri joto na kuwauliza wametoka wapi na wamekutana na nani. Kwenye harusi moja walikaa meza moja, Georgina akasema wali wa Kyela hauna mpinzani, ila amekumbuka bahari ya kwao mpaka ameandika barua ya kuomba uhamisho. Zebedayo akaweka kijiko chini. Akamwambia asihangaike kuhama yeye, bahari ndiyo itakayohama.

Watu wa meza ile walicheka, lakini safari hii mwanamume alitenda. Akaleta tangi la kioo refu kama jeneza, akaliweka sebuleni. Akakinga maji ya mvua, na mvua ya Kyela mnaijua, haina haya. Akakoroga humo chumvi ya bahari ya kwenye mifuko aliyouziwa na Erick, mfuga samaki wa Dar. Huyu bwana kutia chumvi amezaliwa nako, tofauti ni kwamba sasa alitia kwa kipimo! Mwisho akaingiza samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, akawaita Diwani na Mama Diwani.

Georgina alipokuja kuwaona, aliweka kiganja kwenye kioo akawafuata kwa macho. Papo hapo Zebedayo akatamka kwamba anataka kumwoa, na kwamba samaki wengine wawili wako njiani, ila Erick ameagiza wageni wakae kwanza karantini siku thelathini, wasije wakawaambukiza wenyeji.

Neno karantini lilimgeuza Georgina akawa mtu wa kazini.

“Kaka Zebedayo,” alisema, “mimi karantini ndiyo kazi yangu, na nimeona watu wazima wakiivunja kwa sababu ya kikombe cha chai. Ya ndoa nimeyasikia. Nyumba yako ya Busale nimeipita, bwawa la Ngonga nimelisikia. Maliza hizo siku thelathini bila kukosea, nibaki Kyela tuzungumze. Ukishindwa, barua yangu ikijibiwa nafunga mizigo.”

Zebedayo akajibu kwamba siku thelathini ni chache mno kwa mtu kama yeye.

Basi wageni wakafika, mmoja wa njano na mwingine wa buluu. Akawatengea stoo ya nyuma, kati ya magunia ya mpunga na makopo ya rangi. Erick alikuwa amemweleza kwa simu kila kitu: beseni kubwa la peke yake, pampu ya hewa ya peke yake, kichoteo na ndoo za peke yake. Mchanga asiweke, mawe asiweke, aweke kipande cha bomba tu wapate pa kujificha. Kisichogusa huku kisiguse kule, hata tone.

Zebedayo alifuata yote, nasema kweli. Alinunua koti jeupe la mtumba, na mfukoni lilikuwa limedariziwa jina la bucha ya ng'ambo. Mlangoni akabandika karatasi: KARANTINI. ASIINGIE MTU. NI AMRI YA DAKTARI. Alinawa mikono mara nyingi hadi ngozi ikaanza kukauka. Jumapili ya kwanza umeme ulikatika, pampu ikazima, akapiga magoti akawapulizia samaki hewa kwa mpira wa maji saa mbili nzima mpaka akaona kizunguzungu. Mzee wa kanisa alipomuuliza mbona hakuonekana ibadani, alijibu kwamba alikuwa akivipulizia viumbe pumzi. Mzee akaondoka anatikisa kichwa.

Siku ya sita akaja mama yake kutoka Ngonga, Mama Marta, na gunia la mchele, mkungu wa ndizi na dagaa wa usipa waliokaushwa. Zebedayo alimweka kikao. Akamwambia asiwalishe samaki, akawalisha mwenyewe asubuhi na jioni. Akamwambia watu wa mtaani wasiingie stoo, wala watoto, wala kuku. Mama akasema amesikia. Na kweli kuku hakuingia hata mmoja.

Kila jioni Zebedayo alimpigia Georgina kumpa taarifa. Siku ya kumi na mbili, wageni wazima. Siku ya ishirini, wageni wamenenepa. Georgina alianza kucheka kwenye simu kicheko kirefu kidogo, na Zebedayo akaanza kutembea mjini kama bwana harusi aliyekwisha kupimwa suti. Dukani mteja akitaka misumari, anapewa kwanza somo la karantini.

Siku ya ishirini na saba, Alhamisi asubuhi, aliwasha taa ya sebuleni akamtazama Diwani. Akasogea. Akafuta kioo kwa shati, akatazama tena. Mwili mzima wa Diwani ulikuwa na vidoa vyeupe, kama aliyenyunyiziwa sembe! Mama Diwani hivyo hivyo. Akakimbilia stoo. Wa buluu alikuwa na vinane, wa njano alikuwa akijikuna kwenye bomba.

Erick alimwambia simuni kwamba hayo ni maradhi ya madoa, yanaambukiza, na wote wanne waingie kwenye dawa, siku zianze kuhesabiwa upya. Akamuuliza wamegusana vipi. Zebedayo akaapa kwamba hawajagusana. Akakata simu, akaketi juu ya gunia la mpunga. Alimpenda yule mwanamke. Hilo halikuwa la kutia chumvi. Na kuanza upya maana yake ni kumwambia Georgina kwamba ameshindwa, naye afunge mizigo.

Badala ya kumwambia, akaenda kununua balbu ya buluu.

Jumapili baada ya ibada Georgina alifika amependeza, pochi begani. Sebule ilikuwa imezama kwenye mwanga wa buluu hata sura ya mwenyeji haionekani sawasawa. Zebedayo akatangaza kwamba kazi imekwisha na wageni wamehamia tangi kubwa tangu alfajiri. Georgina akaomba pazia lifunguliwe. Zebedayo akasema jua linawaumiza samaki macho. Georgina akalifungua mwenyewe.

“Haya meupe ni nini?”

“Hizo ni nyota,” alisema Zebedayo, bila kupepesa. “Samaki wa baharini akikomaa anaota nyota. Ni vyeo, kama jeshini. Diwani sasa hivi ni kapteni.”

Georgina akainama, akahesabu taratibu kwa kidole.

“Upande mmoja tu nyota arobaini na moja. Jeshi gani lina kapteni wa hivyo?”

Hakungoja jibu. Akatoa daftari kwenye pochi, akavuta kiti, na Zebedayo akajua sasa yuko mpakani. Nani anaingia stoo? Yeye peke yake. Kichoteo kimeshawahi kutoka? Kamwe. Wenyeji na wageni wamewahi kuonana kabla ya leo? Haiwezekani hata kidogo, alisema Zebedayo, labda wameonana ndotoni.

Mama Marta alikuwa akiingia na sinia la chai. Akalitua mezani, amekunja uso.

“Zebe, mbona unaninyima haki yangu? Unataka huyu binti aondoke akisema nyumba hii haina adabu?”

Akamgeukia Georgina, akaeleza kwa fahari. Siku aliyofika alichungulia stoo akawakuta wageni wamewekwa kwenye beseni tupu, hawana hata changarawe, wanatazama bomba. Kumbe wana siku sita ndani ya nyumba na wenyeji hawajaenda kuwajulia hali! Kwao Ngonga mgeni asiyesalimiwa siku tatu anajua kwamba amefukuzwa. Basi kila mchana, mwanawe akiwa dukani, alimchota Diwani kwa kikombe, akampeleka stoo, akamtia beseni moja na wageni.

“Nawasalimia ‘ugonile’, nawaacha wazungumze mpaka nimalize kuosha vyombo. Kisha namrudisha. Leo bwana, kesho mkewe. Hawawezi kwenda wote wakaiacha nyumba bila mtu. Diwani amezoea, akiona kikombe anaingia mwenyewe.”

Zebedayo aliufumba uso kwa viganja. Siku ishirini na moja! Kila siku matembezi ya kusalimiana, na yeye ananawa mikono mpaka inachubuka.

Georgina alicheka. Alicheka akaegemea ukuta, akacheka akafuta machozi kwa upande wa kitenge, akamshika Mama Marta mkono na kumwambia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupata shahidi msema kweli namna hii. Mama akashukuru kwa lugha ya kwao, ndaga fijo, akammiminia chai.

Kisha kicheko kikaisha. Georgina akatoa bahasha.

“Barua imejibiwa. Wamenikubalia Tanga, wanataka nithibitishe kesho. Samaki kuugua si kosa, na mama hakujua. Lakini wewe ulijua tangu lini?”

“Alhamisi,” alisema Zebedayo, kwa sauti ndogo.

“Na ukaenda kununua taa.”

Zebedayo alitaka kusema kwamba aliogopa, kwamba nyumba ya Busale angeiacha ibaki bila paa maisha yake yote mradi yeye asiondoke, lakini maneno ambayo siku zote humtoka kama maji ya bomba lililopasuka yalikuwa yamekauka. Alitazama ile bahasha tu.

Mama Marta ndiye aliyezungumza. Alimwambia Georgina kwamba hapo nyumbani kuna wagonjwa wanne wa kwenye maji na mmoja wa nchi kavu, na yeye mwenyewe anajua kuwasalimia tu, hajui kuwatibu. Akiondoka mtaalamu, watabaki na nani?

Georgina akanywa chai yake yote. Akamwomba Zebedayo namba ya Erick, akapiga, akaandika vipimo vya dawa, akaamuru wote wanne warudishwe beseni. Alipomaliza, akaikunja ile barua na kuipasua vipande viwili.

Zebedayo akaruka kutoka kitini, mikono wazi. Georgina akamzuia kwa kiganja, kama anavyowazuia watu kwenye foleni.

“Keti. Nimebaki kwa sababu mama mkwe nimempata, na kama huyu sitampata Tanga. Mume bado. Mume yuko kwenye uangalizi.”

Akaokota chaki iliyokuwa dirishani, akaenda mlango wa stoo, akaandika kwa herufi kubwa: ZEBEDAYO, SIKU YA 1. Akaeleza masharti. Siku thelathini bila uongo hata mmoja, mama atasimamia.

Zebedayo akavuta pumzi, akanyoosha mabega, na rangi ikamrudia usoni.

“Thelathini tu? Dada Georgina, mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo.”

Georgina akamtazama Mama Marta. Mama Marta akashusha macho kwenye sinia. Georgina akaifuta ile moja kwa kidole, akaandika sifuri.